Matofali Yanayoitika

Tofali la kwanza lilipopasuka ndani ya karai, watu walipiga makofi kabla ya kutazama.

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Tofali la tope kavu hutumbukizwa majini, likanywa, likalainika, likafanya ufa, na samaki aliyelala humo akatoka anajinyoosha. Hapo watu hupiga makofi, kinamama wakapiga vigelegele, kisha kazi ikaendelea. Asubuhi hiyo makofi yalipigwa kwa nguvu zaidi, maana mvua zilikuwa zimekosa mwaka wa pili mfululizo, mabwawa ya vijijini yalikuwa yamebaki nyufa, na mabehewa kumi na manne yalikuwa yamesimama relini nje ya bohari yakisubiri kupakiwa. Ilikuwa siku ya kufungua akiba ya taifa, iliyowekwa miaka minne nyuma na haijawahi kuguswa.

Aliyeshika karai alikuwa Milembe, mwanamke wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mtu asiyependa kutazamwa. Kwa hiyo aliinamisha uso majini, na akawa wa kwanza kuona.

Aliona kichwa. Kilikuwa kichwa hasa cha sato, kipana, chenye macho mawili na mdomo unaofumba na kufumbua. Nyuma ya kichwa hapakuwa na samaki. Palikuwa na kitu kama kamba ya kiatu, ngozi imelegea, kinajipindapinda.

Makofi yalikatika moja moja.

"Huyo kilema," alisema Bwana Luhende, mkuu wa bohari. "Hata binadamu tunazaa vilema. Lete jingine."

Milembe alileta jingine. Kichwa na kamba. La tatu vilevile. La nne samaki alitoka, akaelea ubavu, akakohoa mara moja na kutulia. Milembe aliingiza mkono kumshika, vidole vyake vikakutana upande wa pili, kama mtu aliyeshika uzi.

"Haya yote ni ya banda gani?" aliuliza Bwana Luhende. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"La kwangu," Milembe alijibu. "Banda la Tatu."

"Banda bora."

"Ndiyo, bwana."

Bwana Luhende aliwatazama wapakiaji waliokuwa wamejipanga mlangoni na mikokoteni yao. "Fungeni mlango," alisema. "Na asitoke mtu."

*

Sato huyu hakuwa sato wa zamani. Wataalamu walikuwa wamechukua tabia moja ya kamongo, yule samaki wa matopeni ambaye ziwa likikauka hujichimbia, akajifunga kwenye ute wake na kulala mpaka maji yarudi, wakaipandikiza ndani ya sato. Samaki alikuzwa miezi sita kwenye vizimba vya ziwani, akashiba, kisha akafungwa hai katika tope na kuanikwa. Hakutaka barafu wala umeme. Alisafiri kwa treni, kwa punda, kwa kichwa cha mtu. Watu wa bara ambao bibi zao waliona samaki mbichi mara moja kwa mwaka sasa walikuwa na matofali yake chumbani, na shamba la mahindi likaonekana kazi ya wapenda shida. Nchi nzima ilijilaza juu ya matofali hayo kama mtu anavyolalia godoro.

Kulikuwa na jambo moja tu la wasiwasi. Utajuaje kama aliye ndani yu hai?

Dawa yake haikutoka kwa wataalamu, ilitoka kwa watu wenyewe. Ukigonga tofali kwa kijiti mara tatu, kama unayebisha hodi, samaki aliye hai hukohoa ndani, kho, kikohozi kidogo kikavu. Watu walipenda sana jambo hilo. Bohari zikaajiri wabishaji, kila tofali likabishwa kila wiki na kutiwa vema kwenye daftari. Majumbani watu walibisha asubuhi kabla ya kunawa uso. Na redio ya taifa ilifungua matangazo saa kumi na mbili kamili kwa kijiti cha Milembe: ngo, ngo, ngo, halafu kho, na hapo nchi nzima ikabisha pamoja naye. Kwa miaka sita watu waliujua mkono wake kuliko walivyojua sauti za mawaziri. Sauti yake mwenyewe hawakuwahi kuisikia. Alikuwa amewaomba watu wa redio wasimwambie aseme chochote, na wao wakamwonea huruma.

*

"Lete tofali moja la kila banda," Bwana Luhende aliamuru. "Tujue ugonjwa umefika wapi."

Banda la Kwanza, kichwa na kamba. La Pili, kichwa na kamba nene kidogo. Milembe alipofika Banda la Nne alimkuta Holo amesimama mlangoni, mikono kaiweka kwenye miimo yote miwili kama anayezuia ng'ombe. Holo alikuwa mbishaji mwenzake, mkubwa kwake kwa miaka kumi, mnene, mcheshi, mtu wa kuchekesha hata msibani. Siku hiyo hakuwa na mzaha usoni.

"Milembe, mdogo wangu, ya kwangu usiyavunje."

"Ni amri, dada Holo."

"Yamekufa yote."

"Umejuaje?"

"Sijui! Ndiyo shida yenyewe. Sijayabisha hata mara moja tangu yaletwe." Holo alishusha mikono. "Goti hili, mwenzangu. Elfu tisa kila wiki, kuinama, kuinuka, kuinama. Nikawa nakaa kule nyuma nasuka ukili wangu, jioni natia vema kwenye daftari. Nikakusikia wewe upande wa pili unabisha mara mbili mbili kila tofali, nikasema, huyu anabisha kwa niaba yetu sote. Sasa nitafungwa, na mkeka wenyewe sijaumaliza."

Kutia vema la uongo kwenye daftari la akiba kulikuwa na kifungo cha miaka mitatu, na kila mbishaji alisomewa sheria hiyo siku ya kuajiriwa. Alichukua tofali la kwanza lililokuwa karibu, akalitumbukiza kwenye ndoo.

Walisubiri. Tofali lilikunywa, likafanya ufa. Halafu ndoo ikapinduka.

Samaki aliruka sakafuni, akapiga mkia, akawarushia tope usoni wote wawili. Alikuwa mnene kama paja la mbuzi, mgongo mweusi unang'aa, tumbo limejaa. Holo alikaa chini palepale kwenye maji.

"Amekula nini huyu?" alinong'ona. "Mama yangu, humo ndani kala nini?"

"Hajala," alisema Milembe. "Amelala."

Aliyasema maneno hayo kabla ya kuyaelewa. Kisha yakaanza kumwelea, taratibu. Alitafuta kati ya matofali ya Holo akapata moja lililomeguka pembe, ubavu wa samaki unaonekana kama kisahani cheusi, umetulia kabisa. Alitoa kijiti chake kiunoni. Ngo, ngo, ngo.

Kho.

Na ule ubavu ukaanza kutetemeka. Ulitetemeka kama mgonjwa wa homa chini ya blanketi. Milembe alingoja utulie. Holo akainuka, akakamua kanga yake, akarudi, ubavu ukiwa bado unatetemeka. Nje walisikia walinzi wakibadilishana zamu, na bado. Ulipotulia hatimaye, kile kisahani cheusi kilikuwa kimebonyea kidogo katikati.

Samaki aliyelala hali chochote. Ukimwamsha, mwili hutaka chakula, na humo ndani chakula ni kimoja tu, ni yeye mwenyewe. Wataalamu walimjaribu miaka mitano kabatini, bila kumgusa, akatoka mnene. Kubisha kulikuja baadaye, na nani angefikiri kwamba salamu inaua? Aliyenunua tofali akalila mwezi huohuo hakuona tofauti. Uzito nao haukusema kitu, maana tope lina uzito wake.

Milembe alikumbuka miaka minne. Kila wiki, kila tofali, mara mbili, kwa sababu hakutaka kukosea. Alikumbuka baiskeli aliyopewa kwa kuwa mbishaji bora, na picha yake ukutani pale ofisini.

"Dada Holo," alisema, "ni mimi niliyewala."

*

Bwana Luhende aliwasikiliza akiwa amesimama, akamtazama samaki wa Holo kwenye ndoo, kisha akaenda dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu saba, na Milembe alijua wote walifundishwa kubisha kabla hawajajua kusema.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Kesho asubuhi utabisha kama kawaida."

Milembe aliinua kichwa. "Bwana, nikibisha kesho, nchi nzima itabisha kesho."

"Najua."

"Kila nyumba yenye tofali. Kila tofali."

"Najua, Milembe! Mimi si mtoto." Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa nisikilize na wewe. Wewe ungesikia kwenye redio kwamba tofali lako pengine ni tupu, kitu cha kwanza ungefanya nini?"

Milembe alikishika kijiti chake kiunoni.

"Sema."

"Ningebisha."

"Ungebisha! Si mara tatu, mara thelathini. Halafu ungeyavunja yote uone kwa macho. Samaki aliyetolewa kwenye tofali harudi kulala, na watu hawana hata dimbwi la tope la kuwatupia. Kufikia Ijumaa nchi nzima inanuka, na kufikia mwezi ujao tunazika watu. Nipe siku kumi. Niwaite wataalamu, nitoe haya ya Holo kwanza, nipeleke kule kulikokauka zaidi. Baada ya hapo tutasema polepole."

"Tuwaambie tu wasibishe. Bila sababu," alisema Holo kutoka mlangoni.

"Mwambie mtu asiguse chungu bila kumwambia sababu, uone kama hatafunua," Bwana Luhende alisema.

"Hilo kweli. Mimi ningefunua."

Milembe alijaribu kupima, siku kumi za kubisha kwa nchi nzima upande mmoja, na upande wa pili asubuhi moja ya hofu. Kichwa chake hakikufika mbali shuleni. Aliacha darasa la tano, baba alipofariki. Lakini alijua kuhisi tofali mkononi, na aliona pande zote mbili zina watu ndani.

"Sawa, bwana," alisema, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusema.

*

Jioni alimpigia mama yake. Mayu, kama walivyomwita nyumbani, aliishi peke yake maili arobaini kutoka pale, tangu watoto waliobaki walipoolewa na kutawanyika. Milembe alikuwa amemjazia chumba: matofali hamsini, aliyoyachagua mwenyewe moja moja, yamepangwa kando ya kitanda.

"Mayu, hujambo? Kisima vipi?"

"Kisima kimebaki tope, mwanangu. Lakini mimi sina neno, mimi nina watu wangu hapa." Mayu alicheka. "Jirani zangu wanalia njaa inakuja, nawaambia, njaa ya nani? Mwanangu kanipangia ukuta mzima."

"Umekula wangapi?"

"Sijala. Nakula uji na mboga za kukausha. Hawa nawawekea siku mbaya."

Milembe aliegemea ukuta. "Na... unawabishia?"

"Tena unaniuliza? Asubuhi na wewe kwenye redio. Mchana nikitoka kuokota kuni. Siku hizi nikikosa usingizi nabisha pia, mmoja mmoja. Wote wanaitika, Milembe! Hamsini wote. Nyumba ina watu, mwanangu. Sauti zao zimekuwa ndogo siku hizi, sijui ni masikio yangu? Sikiliza, ngoja nikusikilizishe..."

"Mayu, usi..."

Ngo, ngo, ngo.

Ilimfikia kupitia simu, hafifu kama pumzi ya mtoto mchanga. Kho.

"Umesikia?" alisema Mayu kwa furaha. "Huyo nimempa jina la baba yako."

Milembe alisema amesikia. Alisema alale salama. Baada ya hapo alibaki ameshika simu mpaka mkono ukafa ganzi.

*

Chumba cha redio kilikuwa nyuma ya ofisi ya bohari, kidogo, kuta zimebandikwa magunia ili zisirudishe sauti. Fundi mitambo alikuwa Mrisho, Mzaramo, na kwa kuwa Milembe ni Msukuma, hakuna asubuhi iliyopita bila utani.

"Karibu, mtani. Leo umechelewa, au mlikuwa mnagawana urithi wa ng'ombe mmoja watu mia?"

Milembe hakucheka. Mrisho alimtazama vizuri, akaweka kikombe chini. "Kuna nini? Umefiwa?"

"Bado," alisema Milembe.

Tofali la matangazo lilikuwa mezani, limekuwa jeusi kwa kushikwashikwa. Lilikuwa lilelile tangu mwaka jana. Hakutaka kufikiri kilichobaki ndani.

Alikaa. Mshale wa saa ulikuwa unapanda. Kupitia tundu la hewa juu ya mlango alisikia mji unavyoamka: jogoo, ndoo, mtu anafagia. Saa kumi na mbili kamili sauti nyingine zote hufunikwa na kubisha kunakopita nyumba kwa nyumba kama mvua ya mawe juu ya mabati. Alikuwa akiipenda sauti hiyo kuliko wimbo wowote.

Taa nyekundu iliwaka. Mrisho akainua kidole.

Milembe aliinua kijiti. Mkono ulikuwa unajua njia wenyewe, ukaanza kushuka, naye akauzuia kwa mkono wa pili kama mtu anayemkamata mwizi. Akakiweka kijiti sakafuni.

Kimya kilienda hewani. Mrisho alitoa macho.

"Mimi naitwa Milembe," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilikwaruza, hakuitambua. "Ni mimi huwa nawabishia hodi. Leo sibishi. Na nyinyi, nawaomba, shusheni vijiti mnisikilize."

Simu ya mezani ilianza kuwakawaka. Mrisho aliitazama, akatazama swichi ya kukata matangazo, akamtazama Milembe.

"Jana tumefungua akiba. Samaki wamekwisha. Hawakuibiwa. Tumewamaliza kwa kuwabisha. Kila tukibisha anaamka, na akiamka anakula mwili wake. Mimi nimebisha kuliko wote, basi mimi nimemaliza wengi kuliko wote. Kuna mwenzangu mmoja hakubisha, alisema uongo kwenye daftari. Wa kwake wamebaki wanene. Simtaji. Akifungwa yeye, nifungwe na mimi kabla yake."

Mrisho alinyanyua mkono kuelekea swichi. Ulisimama hewani. Kisha akaurudisha, akaukalia.

"Najua mnataka kujua hali ya yenu. Msibishe. Chukua tofali moja, moja tu, ulivunje, umwone, umpike leoleo. Ukimkuta mwembamba, ndugu zake nao ni wembamba, lakini wakilala kuanzia leo hawatapungua tena. Ukiwabisha, kesho hata hicho hutakikuta. Mwenye uwezo wa kupanda mtama, apande hata kama mvua haijaonekana. Mwenye tofali ambalo hakuwahi kulibisha, kwa uvivu au kwa kusahau, asione aibu. Huyo ndiye mwenye chakula."

Maneno yalikuwa yamemwishia. Alitaka kuinuka, akakumbuka.

"Mayu," alisema. "Najua umekaa kitandani na kijiti mkononi. Kiweke. Waache walale. Ukikosa usingizi nipigie mimi. Saa yoyote. Nitaitika."

Taa nyekundu ilizimika. Hakuna aliyesogea.

Saa ilikuwa imepita kumi na mbili kwa dakika nne. Milembe aligeuza sikio kwenye tundu la hewa, kama alivyozoea kulitega kwenye tofali. Jogoo alikuwa amenyamaza. Aliyekuwa anafagia aliacha kufagia.

Mlango ulibishwa kwa nguvu. "Milembe! Fungua!" Ilikuwa sauti ya Bwana Luhende, na nyuma yake viatu vya walinzi.

"Tufungue?" Mrisho alinong'ona.

Milembe aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Alikuwa anasikiliza mji.

Mbali, upande wa sokoni, mtu alibisha. Ngo. Mara moja, kavu, na kila mtu mjini lazima aliisikia. Milembe alifumba macho. Kubisha hodi ni mara tatu, na aliyeanza hujikuta anamaliza, mkono unajua njia wenyewe. Alihesabu pumzi zake. Alihesabu tena.

Ya pili haikuja.

Mlango ulipobishwa tena, Milembe alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Karibu," akasema.